Mwaka Niliosema Nne

Mwezi uliopita nilikwenda Isansa kwenye msiba wa Mama Atu, na nyuma ya jiko lake nikalikuta lile ganda. Lilikuwa limelazwa juu ya banda la kuku, mawe mawili yamelikandamiza lisipeperuke, weupe wake umegeuka rangi ya maziwa yaliyolala. Nililitambua kabla sijalifikia. Lilikuwa kofia ya lori, ile inayofungwa juu ya paa la kichwa cha lori ili upepo uteleze badala ya kugonga mzigo, na tuliitandika kwa mikono yetu, mimi na marehemu. Shingoni mwake, pale inapofungwa kwa bolti, zilikuwa bado zimeganda sahani tatu ndogo za shaba, kila moja sawa na kizibo cha soda, nyaya zake zimekatwa. Sikuzigusa. Nilirudi kukaa mkekani na wanawake wenzangu, nikapewa chai, nikasikiliza watu wakisema marehemu alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Msibani watu husema hivyo juu ya kila mtu ambaye hawakuwahi kumsikiliza.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka ishirini, nina cheti cha darasa la saba na haya nyingi kuliko nguo. Karakana ya Hajj Shaibu ilikuwa Tunduma, upande ambao malori husimama kusubiri zamu ya kuvuka, na mimi nilikuwa nazunguka kwa nyuma, kwenye majani na takataka, ili nisipite mbele ya madereva. Ndani kulikuwa na vyumba vitatu. Chumba cha kukatia kilikuwa na meza ndefu na robota la mkeka wa faiba lililofungwa kwa mnyororo kama mbwa mkali. Ukumbi wa kalibu ndio tuliofanyia kazi, tukipaka resini, tukitandika mkeka wa faiba, tukipitisha rola hadi mapovu yaishe, kisha tabaka jingine juu yake. Chumba cha tatu kilikuwa ofisi ya Hajj, yenye dirisha la kioo lililoangalia ukumbini, na pazia ambalo lilifunguliwa kila tulipoanza kucheka. Mchana tulikula ugali na maharage tukiwa tumekaa juu ya kalibu zilizopinduliwa. Maharage yale yalikuwa na ladha ya resini. Baada ya mwezi sikuisikia tena, na hadi leo nikila maharage mazuri ya Mbozi naona kuna kitu kimepungua.

Mama Atu alikuwa mkubwa wa watandikaji. Tulikuwa wawili tu, kwa hiyo alikuwa mkubwa wangu. Agizo la Hajj lilikuwa tabaka nne kwa kila kofia, wala hakuna aliyelipinga. Lakini wiki yangu ya kwanza, tulipomaliza la nne, Mama Atu alitazama dirisha, akaona pazia limefungwa, akachomoa chini ya aproni vipande viwili virefu vya mkeka, mabaki ya kukatia ambayo yalipaswa kurudi stoo.

"Leta brashi."

"Mama, si tumemaliza nne?"

"Nne ni za Hajj. Hizi ni za dereva." Akavilaza shingoni, kimoja juu ya kingine, akapitisha rola. "Hii inaitwa mshipi. Kofia isiyo na mshipi ikienda Chitete, kwenye barabara ya mashimo, inarudi mikononi mwa dereva kama sinia. Umeona wangapi wamerudisha za kwetu?"

Sikuwa nimeona hata mmoja. Mzambia mmoja aliyekuwa akipita mara kwa mara alizoea kuchungulia mlangoni, kutusalimia kwa Kibemba na kutania, "Mulishani, bamayo! Kofia yenu imekataa kupasuka, nitapata wapi sababu ya kuja kuwasalimia?" Hajj akajigamba kwa maneno hayo kwa wageni wake, akiamini ni sifa ya tabaka nne. Sisi tuliendelea kupitisha rola. Ndivyo ilivyokuwa karakana ile: watu wawili waliiba mali ya mwenye karakana ili kazi ya mwenye karakana iwe nzuri kuliko alivyoagiza. Sijapata kusikia wizi wa kijinga kuliko huo, na ndio wizi pekee maishani mwangu ninaojivunia.

Injinia Fadhili alikuja baridi ilipoanza. Alitumwa na chuo chake, chuo kikubwa cha mbali, akamalizie masomo ya udaktari, ule udaktari usioponya mtu. Alikuwa na viatu vyeupe. Nasema viatu kwanza kwa sababu ndivyo vilivyoingia kwanza: alisimama mlangoni, akatazama sakafu yetu yenye resini, akatazama viatu, na nikaona mtu mzima akifanya uamuzi mgumu. Hajj alimkabidhi nusu ya ofisi yake na nusu ya maneno yake. Kuanzia siku ile Hajj hakusema tena "kofia", alisema "ganda la mchanganyiko", na hakusema "ngoja nitazame", alisema "tufanye tathmini". Alikuwa mtu mwema kwa kiasi cha watu wa biashara, lakini ukimweka mtu wa namna ile karibu na msomi, anavimba kama andazi.

Sitasema kwamba jambo lenyewe lilikuwa baya. Jambo lilikuwa zuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Injinia alitutolea boksi la zile sahani, akaishika moja kwa vidole viwili kama padri na komunyo, akatueleza. Juu ya shaba kuna kauri nyembamba. Ukiikunja kidogo, hata kwa kiasi ambacho jicho halioni, inatoa umeme. Ukiipa umeme, inajikunja yenyewe. Baadhi ya sahani aliziita vihisi, nyingine visukumizi. Lori likipita barabara mbovu, kofia itatetemeka, kihisi kitapeleka habari kwenye mashine, mashine itatuma umeme kwa kisukumizi, kisukumizi kitasukuma kinyume chake, na mtetemo utakufa kabla haujapasua kitu.

"Kama kumpapasa mtoto mgongoni akishtuka usingizini," alisema Mama Atu.

"Hapana, mama. Siyo hivyo. Ni hesabu."

Ilikuwa hivyo hivyo. Nimekaa na jambo lile miaka yote hii, nimeuliza watu wenye elimu, na bado ni kama kumpapasa mtoto. Lakini yeye hakuweza kukubali kwamba mwanamke mwenye aproni ameelewa kwa sentensi moja kitu alichokisomea miaka minne.

Kabla ya kubandika chochote, alihitaji kulijenga ganda ndani ya kompyuta. Alituita tuone, nadhani ili tustaajabu, na mimi kweli nilistaajabu. Kofia yetu ilikuwa pale kwenye kioo, inageuka polepole, imechorwa miraba midogo mamia kwa mamia kama wavu uliovishwa juu ya kichwa. Alisema mtu hawezi kulifanyia hesabu ganda zima kwa mkupuo mmoja, limejipinda mno. Basi unalikata vipande vidogo ambavyo kila kimoja ni rahisi, unakiambia kila kipande kina unene gani, kina tabaka ngapi, nyuzi zinaelekea wapi, kina sahani au hakina, halafu unavishikanisha na kuviuliza vyote pamoja: nikitikisa hapa, pale kutakuwaje? Nilipenda sana fikra ile. Bado naipenda. Ni kama kutandika, kipande kwa kipande. Lakini vipande vile havijui kitu ila ulichoviambia, na yeye aliinua kichwa akauliza, "Tabaka ngapi?"

"Nne," alisema Hajj kutoka kitini.

"Zote sawa? Ganda zima?"

"Zote sawa, Injinia. Hapa hatubahatishi." Hajj akatugeukia. "Au siyo?"

Mama Atu alitazama chini. Mimi nikasema, "Ndiyo, nne." Ulikuwa uongo mdogo wa kila siku, wa kulinda vibarua viwili. Injinia akaandika 4, na mamia ya vipande vyake vikapata tabaka nne kwa kugusa kitufe kimoja. Tangu siku hiyo nimewadharau watu wanaoandika namba bila kutoka kitini. Ilitosha ashuke ukumbini agonge shingo ya kofia yoyote kwa kifundo cha kidole. Tumbo la kofia hulia kwa sauti nene, shingo yenye mshipi hulia kama chungu kizuri. Mtoto angesikia.

Tulitengeneza kofia ya majaribio siku iliyofuata, na mikono yetu ikafanya kama ilivyozoea. Pazia lilikuwa limefungwa, Mama Atu akachomoa vipande, mimi nikaleta brashi. Hatukujadiliana. Kama tungejadiliana hata kwa neno moja labda tungekumbuka kwamba safari hii kofia haiendi barabarani, inakwenda kwa msomi. Lakini mtu aliyezoea kufunga mlango haulizi kama kuna mwizi.

Kubandika sahani Injinia alimwachia Mama Atu, kwa sababu gundi ilikuwa inachafua. Sijaona kazi safi kama ile. Alipiga msasa mdogo, akafuta kwa spiriti, akafuta tena, akapaka gundi nyembamba kama siagi kwenye mkate wa watu wengi, akalaza sahani, akaweka juu yake kifuko cha mchanga, na hakukigusa hadi kesho yake. Tatu shingoni, za kuhisi, kwa sababu kompyuta ilisema pale ndipo ganda litakapokunjwa zaidi. Nne mbavuni, za kusukuma. Nyaya alizilehemu Injinia mwenyewe, mpenda usafi, na kulehemu kwake kulikuwa mabonge kama pua ya mtu mwenye mafua.

Siku ya jaribio walifunga kofia kwenye fremu ya chuma katikati ya ukumbi, na chini yake mota ndogo ya kuitikisa. Hajj alileta wageni wawili wenye mashati ya mikono mirefu na katoni ya soda. Mota ikalia, kofia ikatetemeka, na mstari wa sahani za shingoni ukatokea kwenye kioo, mdogo, mnyonge, kama mapigo ya mgonjwa. Injinia akaongeza nguvu. Mstari ukaongezeka kidogo tu. Aliweka juu yake mstari uliotabiriwa na kompyuta, na ulikuwa mkubwa karibu mara mbili. Wageni wakanywa soda zao wakitazama dari. Walipoondoka, Injinia aliingia ofisini akapiga simu kwa mwalimu wake, na mimi nilikuwa nafagia chini ya dirisha.

"Ndiyo, Profesa. Volti ziko chini sana… Ndiyo, na kasi ya mtetemo imepanda kidogo, ganda ni gumu kuliko modeli, lakini hilo nitaandika limetokana na resini… Hapana, modeli iko sawa. Modeli nimeihakiki. Ni kubandika. Gundi imeachia. Unajua tena, mafundi wa huku."

Sikuelewa yote siku ile. Niliyaelewa baadaye, polepole, na kadiri nilivyoelewa ndivyo dharau yangu ilivyokua. Shingo iliyoongezwa tabaka mbili haikunjwi sana. Isipokunjwa sana, sahani haitoi umeme mwingi. Mpaka hapo mtu anaweza kukosea akadhani ni gundi, maana sahani iliyobanduka nayo hutoa umeme kidogo. Lakini gundi iliyoachia haiwezi kulifanya ganda zima liwe gumu zaidi. Namba hiyo aliiona, aliitamka kwa kinywa chake, mimi nikiwa na fagio, na akaitupa kwa sababu ilikuwa inaelekeza kwenye ukumbi wenye resini sakafuni, badala ya kuelekeza kwa mwanamke asiye na cheti.

Asubuhi yake Hajj alituita ofisini. Injinia alikuwa amesimama nyuma ya kiti, mikono kifuani. Hajj alisema kwa upole kwamba heshima ya karakana imeingia doa, kwamba wageni wameona, na kwamba Mama Atu aseme kama alifuata maelekezo ya gundi.

"Gundi yangu haijaachia," alisema Mama Atu. "Mshipi ndio unaowasumbua."

"Mshipi gani?"

Nikamwona akivuta pumzi. "Hajj, nisamehe. Shingoni ni sita. Siku zote ni sita. Tunaongeza mabaki. Mwambie Injinia aandike sita, mstari wake utakaa sawa."

Injinia alicheka. Hakikuwa kicheko kibaya hata kidogo, ni kile cha mtu anayemsikia mtoto akieleza mvua inatoka wapi. "Mama, usitafute sababu sasa. Mliniambia nne, wote wawili."

"Basi kata kipande cha shingo ukichome. Resini itaungua, faiba itabaki, utahesabu tabaka kama kurasa. Mkaa upo hapo nje."

"Nikate sampuli yangu? Niichome?"

"Basi lipime. Godauni la mahindi lina mzani, ni hatua ishirini. Iambie kompyuta ikupe uzito wa tabaka nne."

"Mama Atu," alisema Hajj, kwa sauti ya kumnyamazisha mtu mbele ya mgeni. Halafu akanigeukia mimi. "Namwinga. Wewe husemi uongo, wewe hata kusema husemi. Mlitandika ngapi?"

Watu wanne ndani ya chumba kidogo, na wote wakanitazama. Sikuwa nimewahi kutazamwa na watu watatu kwa pamoja. Nilifikiria mnyororo wa robota. Nilifikiria kwamba nikisema sita nimesema pia kwamba naiba. Nilimtazama Mama Atu, naye hakunikonyeza, hakunisihi, alisubiri tu kama mtu anayesubiri gundi ikauke.

"Nne," nikasema.

Aliondoka siku ileile. Alivua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya kalibu tuliyokuwa tukikalia wakati wa kula, na mabaki mawili ya mkeka yakaanguka kutoka mfukoni mwake. Hajj aliyaona. Akadhani alikuwa anayapeleka nyumbani.

Wiki ile mimi nikawa mkubwa wa watandikaji. Niliendelea kuweka mshipi katika kila kofia, na kofia ziliendelea kukataa kupasuka, na Hajj akaendelea kusifiwa. Injinia alibaki nasi miezi michache, akaongeza kwenye hesabu yake namba ya kusahihisha gundi iliyoachia, na mstari wa kompyuta ukainama ukaulalia mstari wa kweli kama ndugu. Kitabu chake kilipokuja, Hajj alikiweka dirishani pa ofisi. Sisomi Kiingereza, lakini picha nilizitazama moja moja. Ganda limechorwa kwa rangi, bluu tumboni, nyekundu shingoni pale alipodhani panaumia, miraba yote imepangika. Ni picha nzuri mno ya kofia ambayo hakuna mtu duniani aliyewahi kuitengeneza. Kwenye jedwali nikaiona ile 4, imesimama peke yake, na nikajua ni namba yangu. Ndiyo mchango wangu katika elimu ya juu.

Haya yote niliyapitia mkekani pale Isansa, chai imepoa mkononi. Kwa miaka mingi nimeusimulia mwaka ule kama kisa cha injinia mjinga, na watu hucheka, kwa sababu injinia mjinga anachekesha. Ninapokisimulia hivyo huwa naishia kwenye simu. Nina karakana yangu sasa, nina vijana wawili wa kutandika, na kisa cha injinia ndicho ninachowafundishia kugonga shingo kwa kidole. Sehemu ya ofisini hawajawahi kuisikia.

Niliinuka nikamfuata Atu, binti wa marehemu, aliyekuwa akipuliza moto wa chakula cha waombolezaji. Nikamwomba msumeno wa chuma. Hakuuliza wa nini. Nilikwenda kwenye banda, nikajaribu kwanza kuibandua sahani moja kwa ncha ya kisu. Kauri ilimeguka vipande vipande, shaba ikapinda, gundi haikusogea. Nikakata kipande cha shingo, upana wa viganja viwili, nikarudi nacho jikoni nikakisukuma kwenye makaa. Moshi mweusi ukapanda, wanawake wakakohoa na kunung'unika, mmoja akauliza kama huyu wa Tunduma amechanganyikiwa na msiba. Nilisimama palepale hadi resini ilipoisha kuungua. Nikakitoa kwa koleo, nikakilaza kwenye sinia, na kilipopoa nikaanza kukifunua, nyuzi nyeupe, tabaka kwa tabaka, nikihesabu kwa sauti mbele ya watu, sauti ambayo sikuwahi kuitumia.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne." Nikafunua tabaka jingine. "Tano. Sita."

Nilimtazama Atu. Nadhani nilitegemea alie.

"Ni sita, dada," alisema, akikoroga sufuria. "Hapa kwetu hata watoto wanajua ni sita. Karakana ilipolitupa hilo ganda, Mama alimpigia simu dereva amletee, akatugongea shingo, tung, tukasikia wote. Halikuwa siri." Akafunika sufuria, akafuta mikono kwenye khanga. "Na kwamba wewe ulisema nne, hilo nalo tunalijua. Sogea kidogo, moshi wako unaingia kwenye wali wa watu."

Nikasogea.